Balansa ilikuwa kijani, mabasi hayaonekani

Saa kumi na moja alfajiri simu iliita. Alikuwa mwenye mabasi, mteja wangu wa kwanza hapa Kigoma. Hata shikamoo yangu hakuisubiri: "Mwanangu, gari zangu hazionekani hata moja." Nikafungua kompyuta. Seva zote mbili ziko hewani, balansa inaonyesha kijani kote. Ramani tupu.

Usiku huo ndio nilikuwa nimehamishia mfumo wangu wa kufuatilia magari kwenye lodi balansa, ile huduma ya klaudi inayopokea miunganisho yote mlangoni na kuigawia seva zilizo nyuma yake. Nilitaka seva moja ikifa, nyingine iendelee na kazi. Nayaandika haya kwa ajili yako uliye Kasulu, Urambo au kwingineko, unayejiandaa kuweka ya kwako.

Anza na kuchagua aina. AWS, yaani Amazon wanaokodisha seva za klaudi, wana aina inayoelewa maombi ya tovuti, na wana Network Load Balancer, waliyoitoa mwaka 2017, ambayo haisomi kilichomo ndani: inapokea TCP au UDP (njia mbili za kusafirisha data mtandaoni) na kupitisha. Vifaa vya GPS nilivyofunga kwenye mabasi na malori ya dagaa, mawese na chumvi ya Uvinza havijui lugha ya tovuti. Vinafungua muunganisho wa TCP na kutuma mahali gari lilipo. Tena unavipanga kwa SMS, unaviandikia anwani ya IP na namba ya poti (mlango wa programu kwenye seva), basi. Vinahitaji anwani isiyobadilika, na balansa hii inakupa moja kwa kila zoni, yaani sehemu inayojitegemea ya kituo cha AWS. Kama unauza tiketi kwenye tovuti tu, chukua ile aina nyingine, itakutosha.

Sasa kosa la alfajiri ile. Nilikuwa nimesajili seva kwa utambulisho wake, na kwa mpangilio huo balansa inaipa seva anwani halisi ya kifaa kinachopiga hodi, haiweki ya kwake. Mimi kwenye fayawoli ya seva (kizuizi kinachochuja nani aingie) niliruhusu anwani za ndani peke yake, nikiamini kila kitu kitaonekana kinatoka kwa balansa. Ukaguzi wa afya, ule wa kuangalia kama seva iko hai, unatoka kwa balansa kwa anwani ya ndani, kwa hiyo ulipita, na ndiyo maana niliona kijani. Mabasi yalikuja na anwani za mitandao ya simu, yakafungiwa nje. Tiba yake ni hii: tangu 2023 balansa hii inaweza kuwa na kundi lake la usalama (kanuni za AWS za nani aruhusiwe kuingia), kisha unaiambia seva ipokee kutoka kundi hilo. Ila liweke siku ile ile unapoiunda balansa. Ukiiunda bila kundi, huwezi kuliongeza baadaye, na mimi ilinibidi niunde nyingine upya.

Jambo lililonila muda mrefu zaidi ni ukimya. Ili kuokoa bando, nilikuwa nimevipanga vifaa vitume kila dakika kumi gari likiwa limesimama. Balansa, kama hujagusa kitu, inausahau muunganisho wa TCP uliokaa kimya kwa sekunde 350, na haimjulishi yeyote. Kifaa kinadhani bado kimeunganishwa, kinatuma, kinakataliwa, taarifa ile inapotea, ndipo kinaunganisha upya. Kwenye ripoti nikaona mapengo. Wiki nzima nililaumu mtandao wa simu, kwa kuwa njiani kati ya Uvinza na Kaliua nimezoea kuona gari likipotea na kurudi. Kilichonifumbua macho ni lori lililolala hapa Mwanga, penye mtandao mzuri, nalo lina mapengo yale yale. Nikapanga vifaa vitume ishara fupi kila dakika tatu, mapengo yakaisha. Tangu 2024 muda huo unaweza kuubadilisha mwenyewe, kuanzia sekunde 60 hadi 6000, lakini bado napendelea ishara za mara kwa mara, maana mitandao ya simu nayo hukata miunganisho iliyolala.

Zoni pia ziangalie. Kituo cha AWS cha Cape Town, kilichofunguliwa 2020, kina zoni tatu, na usipobadilisha kitu, mlango wa kila zoni hupeleka mzigo kwa seva za zoni hiyo tu. Ukiviandikia vifaa vyote anwani moja, magari yote yanapita mlango mmoja. Seva ya zoni hiyo ikizimika, ya pili inakaa bure. Washa kugawa mzigo kuvuka zoni. Kwa data ndogo ya GPS gharama yake ni kidogo sana. Na kifaa kikikubali jina la domeni, andika jina.

Ukaguzi wa afya wa TCP unauliza tu kama poti iko wazi. Programu yangu iliwahi kuganda poti ikiwa wazi, kwa hiyo nilitengeneza ukurasa mdogo unaogusa hifadhidata, nikaelekeza ukaguzi huko.

Bei: kwenye kituo cha AWS cha Virginia, Marekani, balansa ni dola 0.0225 kwa saa, kama dola 16 kwa mwezi kabla ya kuhesabu mzigo, na Cape Town ni ghali zaidi. Tangu Februari 2024 kila anwani ya nje ya IPv4 (aina ya IP iliyozoeleka) inalipiwa dola 0.005 kwa saa. Kama una magari matano, kwa maoni yangu baki na seva moja yenye nakala nzuri ya data.

Usimkabidhi mteja kabla hujazima seva moja kwa mkono, mchana, magari yakiwa barabarani, naye akijua. Nilifanya hivyo nikiwa nimekaa na yule mzee ofisini kwake. Basi la Tabora lilikuwa limeshapita Urambo. Alama yake ikaganda kwenye ramani. Balansa inakagua kila sekunde 30, na inahitaji kukosa jibu mara mbili ndipo iitoe seva, kwa hiyo tulisubiri kama dakika moja, mzee kanishika mkono. Kisha alama ikasogea.