Achana na lafudhi, shughulika na mwisho wa neno

Vijana wengi wanaonifuata niwasaidie Kiingereza huanza na ombi lile lile: "Dada, nataka niongee kama Wazungu." Wengine wanataja kabisa ni Wazungu wa wapi, wa Uingereza au wa Marekani. Hapo hapo huwa nawaambia tubadilishe ombi. Nimefanya kazi mapokezi ya hoteli hapa Mwanza kwa miaka mingi. Nimepokea wanunuzi wa minofu ya sangara, watafiti wa ziwa, watalii wanaolala hapa wakielekea Serengeti, na sijaona mgeni aliyeshindwa kunielewa kwa kuwa naongea kama Mtanzania. Kinachowapoteza wageni ni neno ambalo konsonanti yake imemezwa, imebadilishwa, au imebandikwa irabu isiyo yake. Lafudhi ya nyumbani kaa nayo, haina ubaya wowote. Konsonanti ndizo za kufanyia kazi.

Na kazi yenyewe si kubwa kama watu wanavyoogopeshwa. Kiingereza kina konsonanti 24 za kutamka, na mtu aliyekulia Kiswahili anazo karibu zote mdomoni. Sh, ch, j, v, z, zote unazo. Hata th na dh, zinazowatoa jasho Wafaransa na Wajerumani, Kiswahili kinazo. Kwa hiyo usianze na kitabu kizima cha matamshi. Anza na sehemu chache ambazo sisi wa Kanda ya Ziwa ndipo tunapokwama.

Ya kwanza, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote, ni mwisho wa neno. Kiswahili hupenda silabi iishie na irabu. Ndiyo maana "shirt" ikawa shati, "bank" ikawa benki, "film" ikawa filamu. Ni sheria nzuri na Kiswahili kinapendeza kwa ajili hiyo. Tatizo linakuja tunapoivusha kwenda kwenye Kiingereza, maana kule irabu ya mwisho mara nyingi ina kazi yake. "Luck" ni bahati, "lucky" ni mwenye bahati. "Salt" ni chumvi, "salty" ni yenye chumvi nyingi. "Dirt" na "dirty", "dust" na "dusty", "health" na "healthy". Jiji letu wageni wanaliita "Rock City". Ukiongeza i ndogo tu baada ya "rock" umeshasema "Rocky City". Hilo wataelewa, wakitazama miamba iliyotuzunguka. Lakini mpishi akiulizwa samaki anahitaji nini, akajibu "salty" badala ya "salt", mgeni anabaki hajui kama anaombwa kuongeza chumvi au analalamikiwa kwamba imezidi.

Zoezi lake ni la mkono na kidevu. Weka kiganja chini ya kidevu, sema "desiki". Kidevu kitashuka mara tatu: de, si, ki. Sasa sema "desk" na uhakikishe kimeshuka mara moja tu. Mwanzoni kitakataa, kitashuka tena pale kwenye k. Ukiona hivyo usipandishe sauti wala usiongeze nguvu. Fanya kinyume chake: peleka ulimi kwenye k, ziba, kisha nyamaza hapo hapo bila kuachia. Kwa "stop", funga midomo kwenye p na uiache imefungwa. Kwa "night", ncha ya ulimi ipande nyuma ya meno ya juu ibaki hukohuko. Mtu aliye mbele yako atalisikia neno vizuri tu, kwa sababu sikio la mzoefu wa Kiingereza linasikia mahali sauti ilipokatwa. Halisubiri mlipuko.

Kuna njia nyingine ambayo naipenda zaidi, kwa sababu inautumia mdomo wa Kibantu badala ya kupigana nao. Waingereza wenyewe wakiongea kwa kasi ya kawaida huiunganisha konsonanti ya mwisho na irabu ya neno linalofuata. "Stop it" inasikika kama sto-pit. "Pick up" inasikika kama pi-kap. "Clean up" inakuwa klii-nap. Umeona? Konsonanti pamoja na irabu, konsonanti pamoja na irabu, mwendo ule ule tuliouzoea. Basi wanaoanza nawapa kwanza sentensi ambazo neno linalofuata linaanza na irabu: "check it out", "book a room", "fish and rice", "take off". Mdomo unazoea kuifikisha k au sh salama bila kujitungia irabu. Baada ya hapo ndipo tunaondoa msaada: "check the room", "book two rooms". Nimewaona watu waliokata tamaa kabisa wakifunguka kwa njia hii.

Mwisho wa neno ndipo pia Kiingereza kinapoficha wakati uliopita. Shuleni tuliandika -ed na tukaisoma kama ilivyoandikwa, tukasema "wok-edi", "klin-edi". Lakini -ed ina sauti tatu, na inayoamua ni konsonanti iliyo kabla yake. Ikiwa haina mtetemo kooni, kama k, p, s, sh, ch au f, basi -ed ni t tu: "booked" hutamkwa bukt, "washed" hutamkwa wosht. Ikiwa ina mtetemo, au ni irabu, -ed inakuwa d tu: "cleaned" ni kliind, "stayed" ni steid. Silabi nzima inaongezeka pale tu neno lenyewe linapoishia na t au d: "requested", "needed". Mtetemo unaupima kwa kuweka vidole viwili kooni. Sema "sss", kisha "zzz". Ya kwanza kimya, ya pili inavuma. Kipimo hicho hicho kinakusaidia kwenye wingi: "boats" inaishia na s, "rooms" inaishia na z ingawa imeandikwa s, na "buses" inaongeza silabi. Mtu anayefanya kazi na wageni hizi sentensi anazisema kutwa nzima: "we cleaned your room", "we changed the sheets", "you requested a taxi". Usipoifikisha ile d, mgeni hajui kama chumba kimeshasafishwa au ni mazoea yenu tu kukisafisha.

Ukitaka kutofautisha "price" na "prize", au "back" na "bag", usiitegemee konsonanti ya mwisho peke yake. Irabu iliyo kabla ya z, g, d, b au v huvutwa zaidi. Ivute kidogo kwenye "bag", ifupishe kwenye "back", na utaeleweka hata kama ile g haikutoka sawasawa. Jambo hili vitabu vingi vya shule vinalipita bila kulisema, na ni hasara, kwa sababu kuvuta irabu sisi hatujifunzi, tunafanya kila siku kwenye silabi ya pili kutoka mwisho.

Sasa tuje kwenye r na l.

Naomba kwanza aibu iwekwe pembeni. Mimi ni Msukuma wa Magu, na Kisukuma kimejitosheleza kwa l bila kuhitaji r. Ng'ambo ya ziwa Waganda wanaandika zote mbili, lakini kwao ni sauti moja: r huandikwa baada ya e na i, l huandikwa kwingine kote. Wajapani nao wanahangaika na jambo hili hili. Mtu anayekucheka kwa kuchanganya r na l anakucheka kwa kuwa na lugha ya mama. Nimewaona vijana wenye akili nyingi wakinyamaza darasani miaka yote ya sekondari kwa kuogopa kicheko hicho, na hilo linaniuma kuliko kosa lolote la matamshi.

Sikio litangulie mdomo. Usiposikia tofauti, ulimi hauna wa kumfuata. Mazoezi yetu jioni pale Nyakato tunayafanya wawili wawili, mmoja amempa mwenzake mgongo asiuone mdomo. Mmoja anasema "glass" au "grass", mwenzake ananyoosha mkono wa kushoto kwa l na wa kulia kwa r. Kisha "fly" na "fry". Kisha "collect" na "correct". Hii ya mwisho kwa watu wa hoteli si mchezo. "I will collect your bill" ni kwamba nakuja kuichukua bili. "I will correct your bill" ni kwamba ina kosa na nakwenda kuirekebisha. Kijana mmoja anayefanya kazi kwenye kiwanda cha minofu aliniambia, "Dada, kumbe ndiyo maana yule mnunuzi aliniangalia vile." Alikuwa akimwahidi kukusanya sampuli, yule bwana akasikia sampuli zinarekebishwa.

Likishaingia sikioni, twende kwenye ulimi. Kwa l, ncha ya ulimi inagusa ufizi nyuma ya meno ya juu na kukaa pale, hewa inapita pembeni. Unaweza kuishikilia: llll. Kwa r ya Kiingereza, ncha haigusi popote. Ulimi unarudi nyuma kidogo na kuning'inia katikati, midomo inasogea mbele kama unataka kusema u. Nayo unaweza kuishikilia. R yetu ya Kiswahili iko katikati ya hizo mbili: ncha inagonga ufizi mara moja na kuachia. Ndiyo maana mtu akitumia r ya Kiswahili kwenye "right", sikio la mgeni mara nyingine linasikia "light", kwa sababu ulimi umegusa. Anza na u ndefu, kisha ukiwa bado unatoa sauti vuta ulimi nyuma bila kugusa kitu: uuu-rrr-ait. Fanya taratibu mbele ya kioo. Ukiona ncha ya ulimi imepanda na kugusa juu, anza upya.

Th na dh nazipita haraka. Mtu wa Pwani aliyesoma madrasa anazo tangu utotoni. Huku kwetu tunasema selasini na zahabu, ilhali dhahabu yenyewe inachimbwa hapo Geita. Zifanyie mazoezi kwenye Kiswahili kwanza: thamani, thelathini, dhahabu, dhambi, ncha ya ulimi ikichungulia kati ya meno. Zikishakaa, zihamishe. Kumbuka tu kwamba Kiingereza kinaandika th kwa zote mbili: "think", "three" na "thank" ni th, bali "the", "this", "that", "they" na "there" ni dh.

Kuna sauti moja ambayo Kiswahili hakina kabisa, ile ya katikati ya "measure" na "television". Tamka sh ndefu, kisha washa mtetemo kooni bila kusogeza ulimi. Umeipata.

Na kuna moja ambayo sisi tunawashinda wengi. Sauti ya mwisho ya "sing" ni ng' ya ng'ombe. Msukuma anayeliita jiji lake Ng'wanza hahitaji kufundishwa. "Singer" ina ng' peke yake, "finger" ina ng ya jengo. Mataifa mengi hukwama hapo, wewe usikubali kukwama.

Tabia moja inayotupotosha wote ni kusoma kwa macho. Kiswahili kinatamkwa kama kilivyoandikwa, kwa hiyo tunaliamini kila herufi. Kiingereza hakistahili imani hiyo. Ukerewe ni "island" na ile s haitamkwi. "Receipt", neno la mapokezi kila saa, p yake ni ya kuandika tu. "Knife", "climb", "debt", "Wednesday", zote zina herufi za bure. Na ukikwama kwenye "asked", ujue hata wenyewe wengi wakiongea haraka huimeza ile k. Kila neno jipya lisikie kwanza kabla hujalisema. Kamusi za Cambridge na Oxford zinapatikana bure kwenye intaneti, na ukibonyeza alama ya spika unasikia neno kwa Kiingereza cha Uingereza na cha Marekani. Hazili bando sana.

Kuhusu muda, dakika chache kila siku zinazidi saa nzima ya Jumamosi, kwa sababu unachofundisha ni msuli. Chagua sauti moja kwa wiki, usichanganye. Tunga sentensi tano za kazi yako mwenyewe zenye sauti hiyo. Dereva atunge za safari, muuza samaki wa mwaloni wa Kirumba atunge za bei na uzito. Jirekodi kwenye simu, uiache hadi kesho yake ndipo usikilize, kwa kuwa ukisikiliza papo hapo sikio linakumbuka ulichokusudia na kukudanganya kwamba umekisema. Ukiwa kwenye kivuko cha Kamanga kelele za injini zitakusitiri, sema kwa sauti. Nyumbani msomee mdogo wako aliye kidato cha kwanza, maana ndiye aliyetoka juzi kwenye masomo ya Kiswahili na kukuta kila kitu ni Kiingereza. Mkae wawili, mpeane mgongo, muanze na "glass" na "grass".