Ukiona Vidudu kwenye Skrini, Usikimbilie Bisibisi
Safu ya wasomaji: Muulize Mzee wa Waya

SWALI: Mzee wa Waya, shikamoo. Mjomba ameniachia Commodore 64 yake, nzima kabisa, pamoja na draivu ya diski. Nikanunua kimodemu kidogo cha waifai, kile kinachochomekwa nyuma, nikapakia CCGMS, programu ya terminali ya kuzungumza na kompyuta za mbali kupitia modemu. Naambiwa nikiandika AT, amri ya kuiita modemu, nitajibiwa OK. Mimi najibiwa mioyo, vijiti na pembe. Waya nimebadilisha mara mbili. Kuna siku, sijui niligusa nini, maandishi yakaja, lakini herufi kubwa zimekuwa ndogo na ndogo zimekuwa kubwa, na katikati yake vitu kama [2J na [1;37m. Fundi anasema chipu imekufa, tuing'oe. Nimruhusu? – Mpwa wa Mjomba

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usimruhusu. Chipu iliyokufa kwa kawaida hunyamaza. Yako inapiga kelele, na siku ile moja ikakuandikia hadi maneno yanayosomeka. Hapo hakuna maiti. Kuna wawili wanaozungumza bila kuelewana, na barua yako ina magonjwa matatu tofauti ambayo wewe umeyafunga mzigo mmoja.

La kwanza ni kasi. Commodore 64 haina chipu ya kushughulikia mazungumzo ya RS-232, kanuni ya kutuma biti, yaani 0 na 1, moja baada ya nyingine kwenye waya. Prosesa yake, inayokwenda karibu mara milioni 1 kwa sekunde, ndiyo inayohesabu biti moja moja, huku ikiendelea kuweka herufi kwenye skrini na kusikiliza kibodi. Kila herufi husafiri na biti 10: moja ya kuanzia, 8 za herufi yenyewe, moja ya kumalizia. Kwa hiyo kasi ya 300, yaani biti 300 kwa sekunde, ni herufi 30 kwa sekunde. Skrini yako ina safu 40 kwa mistari 25, yaani herufi 1,000, na kuijaza kwa kasi hiyo ni sekunde 33. Unaweza kusoma huku inaandika, na mimi husema wazi kwamba hiyo ndiyo kasi yenye raha. Kwa 1200 ni sekunde 8 na kidogo, kwa 2400 ni nne.

Sasa kama modemu inatuma kwa 300 na kompyuta inasikiliza kwa 1200, kila biti inaonekana ndefu mara nne, na herufi moja inageuka kuwa kundi la vidudu. Ikiwa ni kinyume, modemu inakimbia na kompyuta inajikokota, herufi zinamezwa: unatarajia nyingi, unaona chache. Basi hesabu vidudu kabla ya kushika bisibisi. Kisha ingia kwenye mipangilio ya CCGMS, jaribu 300, halafu 1200, halafu 2400, na kila mara andika AT ubonyeze Return. Vimodemu vingi vya waifai hukumbuka kasi iliyohifadhiwa mara ya mwisho, na aliyekuuzia huenda aliiacha kwenye kasi yake mwenyewe. Zikigoma zote tatu, angalia aina ya modemu uliyochagua kwenye mipangilio hiyo hiyo. Modemu ya kawaida ya poti ya mtumiaji (tundu la nyuma ulikochomeka), ile ya UP9600 na katriji ya SwiftLink haziendeshwi kwa njia moja, na ukichagua isiyo yako, kubadili kasi hakutakusaidia.

Kuna kidudu kingine ambacho nakipenda kwa sababu kinajitaja chenyewe. Ukiona A, B na D zinafika salama lakini C na E zimepotoka, hiyo si kasi, ni pariti. Mwenzako anatuma biti 7 na biti ya pariti shufwa, ile ya ukaguzi inayofanya idadi ya 1 igawanyike kwa mbili, wewe unasoma biti 8 bila pariti. A ni 65, na ikiandikwa kwa 0 na 1 ina 1 mbili ndani yake, kwa hiyo biti ya pariti inabaki sifuri na herufi inapita. C ni 67, ina 1 tatu, pariti inawashwa ili zitimie nne, na kwako inafika 195. Weka mipangilio ya pande zote mbili iwe 8-N-1, yaani biti 8, bila pariti, biti moja ya kumalizia. Siku hizi wengi wanatumia hiyo.

La pili, herufi zilizopinduka. Hapo kompyuta ya mjomba wako haina kosa lolote. Commodore walikuwa na mpangilio wao wa herufi, PETSCII, uliozaliwa na kompyuta yao ya PET ya mwaka 1977. Kwenye ASCII, mpangilio unaotumiwa na kompyuta nyingine nyingi, namba 65 ni A kubwa. Kwenye PETSCII, skrini ikiwa katika hali ya herufi kubwa na ndogo, namba 65 ni a ndogo. Kwa hiyo kituo, yaani kompyuta ya mbali unayoipigia, kikikutumia "Karibu" kwa ASCII na wewe unasoma kwa PETSCII, unaona "kARIBU", kama mtu aliyesahau kitufe cha herufi kubwa. CCGMS ina hali mbili, ya ASCII na ya michoro ya Commodore, na unazibadili kwa kitufe kimoja. Kituo cha wapenzi wa Commodore kitakuuliza mwanzoni unatumia ipi. Ukiwa huko chagua michoro, maana hapo ndipo rangi na vile vijiti vinapopata kazi yake. Kwingineko kaa kwenye ASCII.

La tatu ni hizo [2J. Hizo ni amri. Mbele yake kuna namba 27, Escape, ambayo skrini yako haiionyeshi. Escape ikifuatwa na [2J maana yake "futa skrini", na [1;37m ni kuchagua rangi nyeupe iliyokolea. Amri za ukoo huu zilienea kutokana na terminali ya VT100 ya kampuni ya DEC, ya mwaka 1978, yenye safu 80. Programu isiyozifahamu inaziandika kama maneno tu. Una njia mbili: kiambie kituo huna ANSI, ndilo jina la amri hizi, au tafuta programu ya terminali inayozielewa na kuchora safu 80. Njia ya pili inawezekana, ila skrini ina nukta 320 kwa upana. Gawanya kwa 80, kila herufi inapata nukta 4, na moja kati ya hizo ni ya nafasi. Jaribu kuchora m kwa nukta tatu, kisha uniambie inatofautianaje na n. Mimi macho yangu yalishakataa, natumia safu 40.

Kuhusu bisibisi, nikuonye kwa sababu mimi chipu niliiua kweli, kwa mkono wangu. Nilikuwa na modemu kubwa ya zamani ya kuwekwa mezani, yenye RS-232 halisi, nikajiambia waya ni waya, nikachomelea moja kwa moja kwenye poti ya mtumiaji. Poti hiyo inazungumza kwa volti 0 na 5. RS-232 halisi inazungumza kwa chanya na hasi, na modemu yangu ilitoa karibu 12 kila upande. Kompyuta iliwaka kama kawaida, ujumbe wa READY ukaja, nikafurahi. Halafu nikaomba orodha ya diski, na draivu ikakaa kimya kama sijaigusa. Chipu ya 6526 inayohudumia poti hiyo ndiyo hiyo hiyo inayosema na draivu. Kati ya viwili hivyo pawekwe MAX232, chipu ya kubadili volti hizo, au chipu ya ukoo wake, na chomeka au chomoa kitu kompyuta ikiwa imezimwa. Pini ya 10 na ya 11 za poti hiyo zina volti 9 za umeme wa AC, kwa hiyo usichokonoe hapo kwa ncha ya waya.

Kimodemu chako kimeshatengenezwa kwa ajili ya poti hiyo, hakihitaji MAX232. Lakini kikizima na kujiwasha kila kinapotaka kuunganisha, kipe umeme wake pembeni. Poti inaahidi milliampea 100 tu, na redio ya waifai ikianza kutuma inataka zaidi.

SWALI: Nikiandika habari naona hhaabbaarrii. Rafiki yangu ana tatizo la kinyume, anaandika haoni kitu, ila majibu yanamjia. – Mwandishi Mara Mbili

JIBU: Wewe programu yako inaonyesha unachobonyeza, na kituo nacho kinakurudishia. Zima mwangwi wa upande wako. Rafiki yako awashe wake. Na kama ingekuwa inawezekana kukutana, mngebadilishana mipangilio mkamaliza kwa dakika moja.

SWALI: Mzee, nimepakua faili ya baiti 5,000 kwa XMODEM, kwangu zimefika 5,120. Nani kaongeza? Tena kila draivu inapoanza kulia, upakuaji unasimama kwanza. Nimeibiwa kasi? – Mhasibu

JIBU: Mhasibu, umehesabu vizuri, na hakuna mwizi. XMODEM, njia ya kusafirisha faili aliyoiandika Ward Christensen mwaka 1977, husafirisha mafurushi ya baiti 128, wala haina njia ya kusema "furushi la mwisho ni dogo". Baiti 5,000 zinajaza mafurushi 39 na kubakiza 8. Hizo 8 zinapewa furushi zima, na nafasi iliyobaki inajazwa, mara nyingi kwa namba 26. Mafurushi 40 mara 128 ni 5,120. Programu nyingi hazisumbuliwi na mkia huo. Faili ya maandishi itakuonyesha vialama mwishoni, vifute.

Kila furushi linabeba na baiti 4 za ziada: ya kuanzia, namba ya furushi, namba hiyo hiyo ikiwa imegeuzwa, na jumla ya kukagua. Jumla hiyo ni dhaifu. Baiti mbili zikibadilishana nafasi, jumla haibadiliki, na kosa linapita mlangoni bila kuulizwa. Palipo na XMODEM ya CRC, yenye ukaguzi mkali zaidi, chagua hiyo.

Kuhusu kusimama, kumbuka nilivyomwambia Mpwa wa Mjomba: prosesa moja ndiyo inayofanya kila kitu. Haiwezi kuhesabu biti za modemu na wakati huo huo kubembelezana na draivu. Kwa hiyo programu inapokea, inafunga sikio, inaandika kwenye diski, ndipo inatuma namba 6 yenye maana "limefika, lete lingine". Mwenzako hatumi mpaka aipate. Kwa 1200 faili yako ingechukua sekunde 44 kwenye waya, na kinachozidi hapo ni draivu.

Bila kuniuliza nakuongezea moja. Ukiona faili za maandishi zinafika nzima lakini za programu zinakatikia njiani, shuku namba 255. Kwenye telnet, lugha ambayo kimodemu cha waifai huzungumza na kituo kwenye mtandao, hiyo ni alama ya amri, na ikiwa ni data lazima itumwe mara mbili. Modemu na kituo wasipokubaliana juu ya telnet, kila 255 ndani ya faili ni shimo.

SWALI: Nakataje simu? Naandika +++ kama kitabu kinavyosema, kinachotokea ni alama tatu za kujumlisha kwenye skrini ya mwenzangu. – Asiyeondoka

JIBU: Una haraka. Amri hiyo imetoka kwa modemu za Hayes, na ulinzi wake ni ukimya, la sivyo kila anayeandika +++ katikati ya barua angekatwa. Toa mikono kwenye kibodi sekunde moja nzima. Bonyeza + tatu mfululizo, bila Return. Najua kidole kitakwenda chenyewe, kizuie. Subiri sekunde nyingine. Ikija OK, andika ATH, na hapo Return ubonyeze.