Maswali ya Wasomaji: Praima ipi chini ya kifaru cha njano?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Niko Mombasa, najenga modeli ya plastiki ya Tiger, kile kifaru cha Wajerumani cha Vita vya Pili vya Dunia, ya kampuni ya Tamiya, ile ya 1/35 (ndogo mara 35 kuliko chenyewe), kubandika nishamaliza na nimeweka pia vile vipande vya shaba juu ya matundu ya injini. Nataka nipulize njano ile ya Wajerumani ya 1943. Sasa mmoja ananiambia anza na praima (rangi ya kwanza ya chini) nyeusi, mwingine anasema kijivu inatosha, wa tatu anasema redoksaidi, ile nyekundu-kahawia, ndio ya ukweli. Eabrashi yangu (kifaa cha kupulizia rangi) ni ya tundu la milimita 0.3. Nishike lipi? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Shika kijivu ndugu yangu, na kama unapenda historia shika redoksaidi, ila nyeusi kwa njano hii mimi siishauri kabisa. Njano ni rangi dhaifu kufunika, ukiipiga juu ya nyeusi inageuka inakua kama kijani hivi, halafu unaongeza mkono mwingine, na mwingine, mpaka vichwa vya boliti na alama za welding zinaanza kuzama kwenye rangi, na kwenye 1/35 hizo ndo zinafanya kitu kionekane chuma.

Kijivu kina faida nyingine watu wanaidharau: kinakuonyesha makosa. Mstari wa kuungia mtutu wa mzinga hauuoni vizuri kwenye plastiki tupu, piga kijivu utauona saa hiyohiyo, urudi na filla na msasa kabla mambo hayajaharibika.

Redoksaidi nayo ina sababu yake. Chuma cha vifaru vya Wajerumani kilipakwa kwanza praima nyekundu-kahawia ya kuzuia kutu, ndugu yake ni ile mafundi wetu wa mageti wanayopaka kabla ya rangi, na juu yake ndo ikaja rangi ya vita, kijivu kizito mwanzoni na kuanzia Februari 1943 hiyo njano yako. Kwa hiyo kama unataka kuonyesha rangi imebanduka pembeni ya vifuniko pale askari wanapopanda na kushuka, kinachotakiwa kutokea chini ni huo wekundu. Puliza redoksaidi, ikauke sawasawa, pitisha heaspre (ile ya nywele, ndiyo italainika kwa maji iachie rangi ya juu), kisha njano ya akriliki, ikishashika lowesha kwa brashi yenye maji na usugue taratibu. Usizidishe tu, maana si kila mkwaruzo ulifika kwenye praima, mingi ilikua inaishia kwenye rangi ya juu. Na ujue wekundu unaipa njano joto kidogo na utahitaji mkono mmoja zaidi kuliko kijivu.

Aliyekwambia nyeusi hajakosea sana, ana kazi nyingine kichwani. Nyeusi ni nzuri chini ya rangi nzito kama kile kijivu cha mwanzo wa vita, na kwa Tiger yako itumie mahali tu: ukishapiga kijivu chote, puliza nyeusi nyembamba nyuma ya magurudumu (yale yamepandana, eabrashi haifiki vizuri), chini ya tareti (ile sehemu ya juu inayozunguka na mzinga) na kwenye maungio ya bamba. Baadae njano uianzie katikati ya kila bamba ukienda nje, pembeni patabaki pamefifia penyewe. Nyeupe iweke akiba kwa magari meupe ya UN kama yale ya Kongo.

Sasa hiyo shaba yako, hapo rangi sio shida, shida ni aina. Praima za maji kama ya Vallejo zinashika plastiki vizuri lakini kwenye shaba zinaweza kubanduka, na ukipiga msasa mapema zinachunika kama ngozi, ziache siku nzima. Mimi kwa shaba ningetumia ya laka, Mr. Surfacer 1500 iliyochanganywa na tina yake, presha ya psi 15 hadi 20, mikono myembamba. Laka lakini haipendi unyevu, na huko pwani unaujua, ukipuliza hewa ikiwa nzito inatoka na ukungu mweupe, subiri siku kavu. Vaa barakoa yenye filta za kemikali, ile ya kitambaa haizuii mvuke wa laka, na dirisha liwe wazi.

Kama bado una wasiwasi geuza kifaru, pale chini ya bodi ambapo hapaonekani puliza nusu kijivu nusu redoksaidi, juu yake njano yako mikono miwili, ikikauka itazame nje kwenye mwanga wa mchana uchague mwenyewe.