Jibu: Kuchukua historia ya mgonjwa kwenye mtihani wa vitendo

Ndugu yangu, umesema dakika zinakuishia kabla hujamuuliza mgonjwa dawa anazotumia na mzio (dawa au vyakula ambavyo mwili wake unavikataa), ingawa maswali yote umeyakariri. Nadhani tatizo liko hapo hapo kwenye kukariri: unamkatiza mgonjwa ili uwahi orodha yako.

Anza na swali moja la wazi, "Nini kimekuleta leo?", kisha nyamaza. Kweli, nyamaza. Wengi humaliza kujieleza ndani ya dakika 2 hivi. Mzee akikwambia, "Kifua kinabana nikipanda ngazi, nikikaa kinaachia," tayari amekupa aina ya maumivu, kinachoyachochea na kinachoyatuliza. Usiyarudie hayo. Uliza yalianza lini, yanaenea mkononi au kwenye taya, kama anatokwa jasho au kukosa pumzi. Kila swali liwe na ugonjwa unaoutafuta au unaouondoa. Mimi nilifeli kituo kizima, yaani sehemu nzima ya mtihani yenye mgonjwa wake na dakika zake, kwa kuuliza mambo mengi bila kujua nayatafutia nini, na hadi leo linaniuma.

Magonjwa ya zamani, familia, sigara na pombe pitia haraka. Dawa na mzio usiviache hata iweje.

Ukibakiwa na dakika moja, mrudishie mgonjwa ulichoelewa kwa sentensi mbili, kisha muulize ni nini hasa anachohofia. Mara nyingi hapo ndipo linatoka lile zito: baba yake alikufa kwa moyo.

Fanyeni mazoezi watatu watatu: mmoja mgonjwa, mmoja anauliza, mmoja ameshika saa na anaandika kila mahali ulipomkatiza mgonjwa.