Jibu kwa aliyeuliza kuhusu waswasi wa wudhu chuoni

Assalaam alaykum ndugu yangu wa Maseno. Umeuliza kama kurudia wudhu mara nne, mara tano, hadi Adhuhuri na somo la saa saba vyote vinakupita, ni udhaifu wa imani. Sivyo kabisa. Waswasi, yaani shaka inayojirudia na kumlazimisha mtu arudie tendo, humshika zaidi mtu makini, anayejihesabu sana na mwepesi wa hofu. Asiyejali swala hauna pa kumshikia. Abu Zayd al-Balkhi, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 934, aliuweka miongoni mwa maradhi ya nafsi pamoja na huzuni, hofu na hasira. Kwa hiyo anayekuambia uongeze dhikri tu hajakusaidia.

Anza na maji. Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, takriban robo tatu ya lita. Achana na mfereji. Jaza chupa ya lita moja, inatosha na kubaki. Kila kiungo mwisho mara tatu, kisha toka bafuni papo hapo. Chupa ya pili ndiyo huharibu kazi yote: ukirudia, hofu hupoa kidogo, na akili hujifunza kwamba kurudia ndiko kulikokuokoa, kesho itadai zaidi. Usiporudia, hofu itapanda kwanza, kifua kibane, halafu itashuka yenyewe. Ingia kuswali ukiwa na hofu hiyo hiyo. Yakini haiondolewi na shaka, na hadithi imesema mtu asitoke katika swala mpaka asikie sauti au apate harufu ya upepo uliomtoka.

Nia ni ya moyoni, na takbira ya kuingia ni moja. Kuhusu rakaa, kwa kawaida mwenye shaka hushika idadi ndogo na kusujudu sijda mbili za kusahau. Wanazuoni wamemwambia mwenye waswasi wa kila siku aipuuze shaka, aendelee. Mweleze sheikh mmoja hali yako yote, ushike jibu lake. Kutoka kwa imamu wa Kisumu hadi wa Mumias na swali lile lile ni kurudia wudhu kwa njia nyingine. Hata mwenzako wa chumbani, mwombe asikujibu ukimuuliza umeswali ngapi.

Waswasi ukikula zaidi ya saa moja kwa siku, au umeanza kuacha swala kwa kuchoka, nenda kwa mshauri wa chuo akuelekeze kliniki ya afya ya akili. Kama mshauri au daktari wako si Mwislamu, mwambie mpaka wa sheria ni upi (mara tatu, maji kidogo), asije akadhani kutawadha kwenyewe ndiko ugonjwa. Dawa kama fluoksetini huhitaji wiki 8 hadi 12 kuonyesha kazi yake kwa waswasi. Wengi huiacha wiki ya tatu wakisema haifai. Ramadhani, dawa ya mara moja kwa siku huhamishiwa futari au daku. Lithiamu, dawa nyingine ya maradhi ya akili, ni jambo jingine: mwili ukikosa maji, kiwango chake hupanda damuni hadi kikadhuru, basi anayeitumia aonane na daktari wiki kadhaa kabla mwezi haujaandama.