Jibu: Kwa nini tutangaze List ilhali tunaunda ArrayList?
Ndugu, umeuliza kwa nini wenzako huandika List upande wa kushoto wa alama ya = ilhali kitu kinachoundwa ni ArrayList. Katika lugha ya programu ya Java, List ni intafesi, yaani orodha ya methodi (vitendo) zinazoahidiwa, na ArrayList ni klasi, yaani msimbo halisi unaotimiza ahadi hiyo; intafesi ni aina kamili ya kutangazia kitu kama klasi ilivyo. Kompaila, yaani programu inayokagua na kutafsiri msimbo wako, huruhusu tu methodi zilizomo katika aina uliyoitangaza, ingawa programu inapoendeshwa, kinachotekelezwa ni msimbo wa klasi halisi ya kitu hicho. Kwa hiyo, ukija kuhitaji LinkedList, klasi nyingine inayotimiza List, utabadilisha mstari ule mmoja wa kuunda kitu, na methodi zako zinazopokea List hazitaguswa. Ukihitaji trimToSize, methodi ya ArrayList ya kupunguza nafasi isiyotumika, ambayo List haina, tangaza ArrayList bila kusita, ila usiiweke kwenye vigezo (vitu vinavyopokelewa) vya methodi zinazoitwa na wengine, kwani utawafunga wote kwa uamuzi wako.