Manowari kuukuu kuwa ofisi: je, ni nafuu kuliko jengo?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesikia kwamba jijini London kuna manowari ya zamani iliyogeuzwa makao makuu ya chama cha manahodha. Kwa kuwa meli tayari ina vyumba, sakafu na kuta, je, si nafuu kuliko kujenga jengo? Msomaji, Mombasa.

JIBU: Meli unayoiulizia ni Wellington, iliyojengwa Devonport, Uingereza, mwaka 1934 na kusindikiza misafara ya meli za mizigo katika Atlantiki katika Vita vya Pili vya Dunia. Chama cha manahodha kiitwacho Honourable Company of Master Mariners kiliinunua mwaka 1947, kikaifanyia matengenezo Chatham, na mwaka uliofuata ikafungwa kando ya mto Thames. Pale palipokuwa na injini na boila pakawa ukumbi wa mikutano, na ngazi kubwa ya mbao ikatolewa kwenye feri ya Isle of Man iliyokuwa ikivunjwa wakati huo. Kazi ya aina hiyo, kusema kweli, ndiyo nyepesi, ingawa ndiyo wageni huisifu.

Gharama yenyewe iko chini ya maji. Ukiondoa injini, meli hupungukiwa na uzito chini, hivyo huenda ukalazimika kuongeza farumi, yaani uzito wa kuituliza meli, ili isiyumbe. Mabamba ya chuma nayo huliwa na kutu nje na ndani, hasa penye maji ya ngama, yaani yanayojikusanya chini kabisa ndani ya meli, mahali ambapo fundi hafiki kwa urahisi baada ya vyumba kupambwa kwa mbao. Jengo lenye ufa hurekebishwa watu wakiendelea na kazi, lakini meli haina budi kwenda chelezoni, mahali meli inapowekwa pakavu ili itengenezwe. Mwaka 1991 Wellington ilipelekwa Sheerness, penye mlango wa mto Thames, kwa matengenezo, na kutoka pale ilipofungwa ni lazima ipite chini ya madaraja, kwa kufuata maji kujaa na kupwa.

Ukitaka kuingiza umma, utahitaji pia milango mipana, njia za kutokea moto unapozuka, na daraja la kupandia ambalo mteremko wake hubadilika kila maji yanapopwa. Chama hicho kilihama melini mwaka 2023.

Kwa hiyo si nafuu, isipokuwa chombo kikae pakavu. Manowari M33 ya mwaka 1915, ambayo nayo iliwahi kutumika kama ofisi na karakana inayoelea, sasa imo ndani ya chelezo cha mawe huko Portsmouth, na tangu 2015 watu huingia kuitazama. Anayetaka kununua meli ya namna hii na aombe kwanza vipimo vya unene wa mabamba ya chini, kabla hajamwita msanifu wa ofisi.